Mgao hauna jina, zawadi ina jina

UKURASA WA JAMAA: mazungumzo ya mwezi wa kumi na mbili

Mwezi wa Noeli na Bonane umefika. Mvua nayo imefika, njia zinateleza, na watoto wameshaanza lile swali lao la kila mwaka: "Mama, sasa sisi Bonane tutavaa nini?"

Mwezi huu tuzungumze habari ya zawadi. Najua wengine mtacheka. Ati zawadi! Zawadi gani, na mtu anahesabu vikombe vya unga vilivyobaki hadi siku ya mgao? Lakini ndiyo sababu yenyewe ya kuzungumza. Mifuko ingekuwa imejaa, tusingekuwa na haja ya kufikiri sana.

Tuanze na kitu tunachokijua sote, yaani mgao. Tunapanga mstari, kadi mkononi. Unga wa mahindi, njegere za manjano, mafuta, chumvi. Kipimo kinafuata idadi ya watu walio kwenye kadi: wanne, saba, kumi. Mzee ambaye meno yamekwisha anapimiwa sawa na kijana anayecheza mpira mchana kutwa. Na ni haki iwe hivyo. Mpimaji angeanza kusema huyu nampenda na huyu simpendi, tungeshikana mashati. Mgao hautakiwi kukujua wewe ni nani. Na kupanda na kushuka kwake kunaamuliwa mbali na sisi. Mwaka 2023 pesa za wafadhili zilipopungua, WFP ilishusha mgao wa kambi za Tanzania, na ilipofika mwezi wa sita tulikuwa kwenye nusu ya kipimo kamili. Kila mama anakumbuka alivyogawa ile sufuria.

Zawadi ni kinyume cha mgao. Zawadi inakujua. Mtu akikuletea kitu kinachokufaa wewe, na si mwingine, maana yake alikaa akakufikiria. Alikuona unavyochechemea ukienda bombani, au alisikia mtoto wako akikohoa usiku. Hapa kambini kila mmoja wetu ana namba. Ni namba za lazima, bila hizo hatuli. Lakini mtu hawezi kuishi kwa kuhesabiwa tu, anataka na kufikiriwa. Ndiyo maana nasema mgao hauna jina, zawadi ina jina.

Deni la Bonane

Sasa tuseme ukweli bila kuumizana. Kila mwaka, mwezi huu, kuna nyumba zinazouza unga wa mgao ili kununua viatu na kitenge. Kuna wanaokopa kilo moja kwa ahadi ya kurudisha mbili. Tarehe 25 watoto wanang'aa, tarehe 1 wanang'aa tena, na tarehe 10 mwezi wa kwanza jiko limelala. Mwezi wa kwanza ni mrefu, ndugu zangu. Viatu vile vile vilivyoleta deni, ikifika Pasaka vinambana mtoto.

Sisemi watoto wasivae. Furaha ya mtoto ni kitu cha kweli, na mtoto aliyezaliwa hapa hana sikukuu nyingine anayoikumbuka ila hizi za hapa. Nasema tu tupime. Kitenge cha mama cha zamani, fundi akikigeuza, kinatoa gauni la msichana wa miaka sita na kofia ya mdogo wake. Shati la baba lililochanika mgongoni, mbele bado ni zima. Hiyo ni nguo mpya kwa mtoto, maana yeye hajawahi kuivaa.

Lakini kuna hasara kubwa kuliko deni. Ni aibu. Wako akina mama wanaofunga mlango siku ya Bonane wakasema wanaumwa, kwa sababu hawana cha kumwekea mgeni. Wako wazee ambao hawaendi kusalimia wajukuu kwa sababu mikono mitupu. "Nitaendaje mimi, na sina hata biskuti?" Basi sikukuu inayotakiwa kutukutanisha inatutenga. Bibi anakaa peke yake huku, wajukuu wanamngoja kule.

Watu wanapenda kunijibu kwa methali: mkono mtupu haulambwi. Sawa. Lakini methali inasema mkono mtupu, haisemi mfuko mtupu. Mkono unaojua kushona, kuchimba, kusuka na kuandika si mtupu. Na wahenga hao hao ndio walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Zawadi ambazo haziko dukani

Wiki zilizopita nimekuwa nikiwauliza watu, kwenye foleni ya maji, baada ya ibada, kwa fundi cherehani: ni zawadi gani uliyopewa kambini ambayo hujaisahau? Nilidhani watataja redio na simu. Hakuna hata mmoja aliyetaja kitu cha bei. Nimekusanya majibu yao na kuongeza ya kwangu machache.

1. Mfereji. Mama mjane aliniambia kwamba vijana wawili wa jirani walikuja siku moja kabla ya Noeli na jembe, wakachimba mfereji kuzunguka nyumba yake. Hawakusema mengi. Usiku ule mvua ilinyesha sana, na kwa mara ya kwanza godoro lake halikulowa. "Niliamka asubuhi nikagusa chini, pakavu. Nikalia." Mvua zetu zinaendelea mpaka mwezi wa nne. Mfereji wa leo ni zawadi ya miezi mitano.

2. Jiko la udongo. Anayejua kulijenga amjengee mwenzake asiyejua. Udongo wa kichuguu, majani makavu yaliyokatwa vipande, maji, na mikono ya kukanda. Acha likauke kivulini siku za kutosha, maana ukiliwasha bichi litapasuka. Jiko zuri linakula kuni chache kuliko mafiga matatu. Na sisi tunajua kuni zinatoka wapi na mama au msichana anakutana na nini huko njiani. Safari moja ya kuni ikipungua, hofu moja imepungua. Ukimpa dada yako jiko, umempa na hiyo.

3. Nusu siku ya usingizi. Mama aliyezaa mapacha hahitaji kadi yenye maua. Mwambie: "Lete watoto, wewe nenda ukalale mpaka saa nane." Aliyenipa habari hii, mapacha wake sasa wako darasa la nne, na bado anamtaja huyo jirani kwa jina.

4. Mbegu. Fungu la vijiti vya muhogo kwa ajili ya sombe, mbegu za lengalenga kwenye kikaratasi, mche wa mpapai. Anayeanza nyumba, au aliyehamishwa zoni, kitu hiki kitamlisha mboga kwa muda mrefu baada ya soda ya Noeli kusahaulika.

5. Madaftari. Shule zetu za Wakongomani zinafuata masomo ya Kongo, na vitabu havitoshi. Kijana uliyemaliza sekondari, yale madaftari yako yaliyo juu ya kenchi yanaliwa na mchwa bure. Yapanguse, andika upya kurasa zilizofutika, mpe mdogo anayejiandaa kwa mtihani wa mwisho. Umempa miaka yako.

6. Mpira na gari. Baba, hizi ni zako. Mifuko iliyofungwa kwa kamba ni mpira. Waya na kandambili iliyokatika ni gari lenye magurudumu manne. Mtoto hataki sana kujua gari lilitoka wapi. Anataka kusema: "Baba ndiye alinitengenezea."

Mkisoma majibu hayo mtaona yanafanana. Mtoaji alijua shida ya mtu mmoja, kisha akatumia kile alichokuwa nacho. Aliyechimba mfereji kwa mjane hakuwachimbia watu wote wa kijiji. Alimchimbia mama yule, kwa sababu alijua nyumba yake iko bondeni.

Kabla ya vita zetu, hata kabla ya mipaka, watu wa ziwa Tanganyika walijua jambo hili. Chumvi ya Uvinza, hapa hapa mkoani Kigoma, ilikuwa ikisafiri mbali kando ya ziwa na ng'ambo yake. Mtu wa samaki anahitaji chumvi, na mtu wa chumvi anahitaji samaki. Kila mmoja alileta kile ambacho mwenzake hana. Hata leo, mgeni akiingia na kifurushi kidogo cha chumvi au ndagala, nyumba nzima inamkaribisha.

Ndugu zetu Waislamu wanatufundisha

Jirani zetu Waislamu wana sikukuu zao, na ndani ya Idi ya kumaliza Ramadhani kuna jambo zuri la kujifunza. Kabla ya swala ya Idi, kila mwenye chakula cha kumtosha siku hiyo na cha kubaki anatoa zaka ya fitri kwa ajili ya kila mtu wa nyumbani mwake, hata mtoto mchanga. Kipimo chake ni pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo, yaani vibaba vinne, karibu kilo mbili na nusu hadi tatu. Na wakati wake ni kabla ya watu kuswali, si baada ya sikukuu kupita, ili maskini naye aamke siku ya Idi akiwa na cha kupika. Mwenye shida haachwi mpaka yabaki makombo. Anawahiwa.

Tuige hapo. Kama una kikombe cha maharage utakachompa mtu Noeli hii, mpe tarehe 23 au 24, akipike kama mwenye nyumba. Usimpe jioni ya tarehe 25 kama mtu aliyebakishiwa.

Na kwa Wakristo, tukumbuke habari ya Injili ya Matayo sura ya pili. Mamajusi walipomaliza kumpa mtoto dhahabu, uvumba na manemane, kilichofuata ni nini? Yusufu akaamshwa usiku, akamchukua mtoto na mama yake, wakakimbilia Misri kwa sababu Herode alitaka kuua. Mtoto aliyepewa zawadi zile akawa mkimbizi. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba zawadi za Noeli ni mambo ya watu walio na nyumba za matofali.

Zawadi ya kalamu

Sasa nije kwenye zawadi ninayoiomba kwenu zaidi mwaka huu. Bei yake ni daftari moja na kalamu moja.

Nyarugusu ilifunguliwa mwezi wa kumi na moja mwaka 1996. Watoto waliozaliwa hapa miaka ile ya kwanza sasa wana watoto wao. Ukiwauliza kwao ni wapi, watakujibu Fizi, Baraka, Uvira, lakini ni majina tu. Hawajui mto gani unapita nyuma ya nyumba ya babu, wala kwa nini shangazi aliitwa jina lile. Wanaojua ni wazee, na kila mwaka tunawazika. Mzee mmoja akienda, anakwenda na kijiji kizima.

Basi Noeli hii, kijana unayejua kuandika, nenda kwa bibi au babu. Usiende na kitu. Mwambie: "Nimekuja unisimulie, mimi niandike." Muulize haya:

Ulizaliwa wapi, na mto au mlima wa karibu unaitwaje? Baba yako na mama yako ni nani, na wazazi wao? Nani alikupa jina lako, na kwa nini? Mlikuwa mnalima nini, mnavua nini, soko lilikuwa siku gani? Ulikutana wapi na babu, na mahari ilikuwa nini? Sikukuu mlikuwa mnafanyaje? Ni wimbo gani mama yako alikuwa anakubembelezea?

Andika kama anavyosema, kwa maneno yake, Kibembe kikiwemo, Kifuliiru kikiwemo. Usimsahihishe. Akinyamaza, nyamaza naye. Mambo ya vita usiyachokonoe. Akitaka kuyasema mwenyewe, msikilize, lakini muulize kama anataka yaandikwe. Ukimaliza, msomee. Utaona atakavyokaa wima. Halafu andika nakala ya pili, moja akae nayo mjukuu, nyingine ifungwe kwenye nailoni pamoja na kadi ya familia, maana mvua na panya hawana adabu.

Hapo ni zawadi mbili kwa mara moja. Mtoto amepata kwao. Mzee amepata mtu wa kumsikiliza.

Na kuna wale ambao jamaa zao walipotea njiani, au wako upande wa pili na simu haipatikani. Vita ya mashariki ya Kongo iliposhika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili mwaka 2025, watu wengi hapa walipoteza mawasiliano tena na ndugu zao. Msalaba Mwekundu una karatasi za ujumbe wa familia, na huduma yake hailipiwi. Kazi hiyo ni ya zamani. Tangu vita ya Ufaransa na Prussia mwaka 1870 walikuwa wakipitisha habari kati ya askari na jamaa zao. Karatasi hiyo haifungwi, na inabeba habari za familia tu: nani mzima, nani amezaa, nani amefariki, tuko wapi. Siasa na habari za majeshi usiandike, haitapita. Mahali pa jina jaza vizuri: jina kamili la unayemtafuta, jina la baba na la mama, jina la utani kama ndilo wanalomwitia, na mahali alipoonekana mara ya mwisho.

Wazee wengi hawajui kuandika, na wanaona haya kuomba. Usingoje waombe. Nenda na kalamu.

Walio mbali na waliobaki

Tangu mwaka 2015 maelfu ya ndugu zetu Wakongomani wa hapa wamehamia Marekani. Mwezi huu simu zao zinalia sana, na tunajua tunawaambia nini: "Nitumie ya Bonane." Si vibaya kuomba ndugu. Lakini tukumbuke kwamba wengi wao walisaini kulipa nauli ya ndege kama mkopo, hauna riba lakini ni mkopo, na miezi michache baada ya kufika wakaanza kurudisha. Wanaamka gizani kwenda kazini, nje kuna theluji, na siku ya Noeli wengine hawana mtu wa kubisha hodi.

Mwaka huu tuwatumie na sisi. Shika simu ya jirani, rekodi sauti ya mama akiimba pale jikoni, kuku na watoto wakisikika nyuma. Usiombe kitu ndani yake. Mwambie tu: tunakukumbuka, kiti chako kiko. Baadaye, siku nyingine, utaomba. Nakwambia hiyo ya kwanza ataisikiliza mara ishirini.

Na wako waliobaki na mabegi. Amri ya rais wa Marekani ya tarehe 20 Januari 2025 ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kuna waliokuwa wamemaliza mahojiano na vipimo vya afya, wameshauza vyombo, wameshaaga. Zawadi yao ni ndogo na ngumu: usiwaulize tena "Bado hamjaenda?" Wapelekee sufuria ya kuazima. Waiteni kwenye chakula kama watu wa hapa, si kama wapita njia.

Kupokea nako ni kazi

Neno la mwisho ni kwa anayepokea. Wengine wetu tumekuwa wagumu. Mtu maskini kuliko wewe akikuletea mayai mawili, usiyarudishe kwa kusema "aa, wewe una shida, kaa nayo." Umemrudisha kwenye mstari wa wenye shida, na yeye alikuwa ametoka humo kwa saa moja. Pokea kwa mikono miwili, sema aksanti, na usikimbie siku hiyo hiyo kumlipa mayai manne. Subiri. Zamu yako itafika, na wewe utajua anachohitaji kwa sababu utakuwa umemwangalia.

Usimpige picha uliyempa. Usitangaze. Na kama kweli huna chochote na mgongo unauma na kalamu huna, nenda hivyo hivyo. Bisha hodi, kaa kwenye mkeka, uliza habari za usiku. Siku ya Bonane mlango uliofunguliwa ni bora kuliko sahani.

Kwa yule bibi anayengoja wajukuu, na kwa wale wajukuu wanaomngoja bibi: mmoja wenu aanze kutembea.

Noeli njema, Bonane nzuri. Tukutane mwezi wa kwanza, Mungu akitujalia, tukiwa na unga ndani na bila deni.